Unyayo wa Poda

Msafiri akishatoka mlangoni, nyumba haifagiwi. Hilo halihitaji kwenda shule. Unaacha kila kitu kama alivyokiacha, kikombe alichonywea chai, makombo ya mkate, uzi uliodondoka kwenye shati, mpaka atume neno kwamba amefika salama. Akishatuma, siku hiyohiyo unashika fagio na kufagia, maana nyumba isiyofagiwa baada ya mtu kufika humshika mguu mmoja. Mwili utakuwa kule, lakini kutulia hatatulia. Ndivyo Dorotea alivyofundishwa na mama yake huko Misungwi, na mama yake naye alifundishwa na mama yake, na wote hao walikuwa watu wa kusafiri kwa miguu, kwa hiyo walijua wanachokisema.

Dorotea aliwahi kulidharau fundisho hilo mara moja tu. Alikuwa mke mchanga bado, mwenye usafi wa kujionyesha, mumewe Antoni alipoondoka alfajiri kwenda machimboni kutafuta dhahabu. Kabla basi halijatoka stendi, Dorotea alikuwa ameshafagia chumba na kupiga deki. Antoni hakurudi. Sasa, machimboni ziko sababu nyingi za mwanaume kutorudi, na baadhi yake zina majina na zinajifunga kanga, lakini Dorotea katika zote hizo aliichagua ya fagio. Akamlea binti yao Rebeka peke yake, kwa kuuza dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, na tangu siku ile mtu akitoka nyumbani kwake, hata kama anakwenda Kisesa na kurudi jioni, fagio lilikaa nyuma ya mlango mpaka isemwe kwamba amefika.

Rebeka alisoma ualimu chuo kikuu, Historia na Kiswahili. Kila mtu alimwambia kwamba angesoma hesabu au fizikia angekuwa ameshaajiriwa zamani, hasa wale waliofeli hesabu wenyewe. Alipomaliza akaenda kujitolea katika sekondari moja ya Kisesa, ambako malipo yalikuwa ahsante na chai ya saa nne. Akafanya usaili wa serikali, akafaulu, akaambiwa jina lake limehifadhiwa, asubiri. Akasubiri. Kusubiri ajira nako ni kazi, tena nzito, ila haina mshahara wala likizo. Miaka ilikwenda, wanafunzi aliowafundisha wakamaliza shule na wengine wakaoa, naye bado anaulizwa na majirani kama kuna habari yoyote.

Habari ilipokuja haikutoka serikalini. Rafiki aliyesoma naye alikuwa Doha, huko Qatar, akamwambia kuna shule ya watoto wadogo inatafuta walimu wasaidizi. Rebeka akaomba, akahojiwa kupitia simu, akakubaliwa.

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na haraka isiyo na adabu. Dereva alikuwa akipiga honi huko chini barabarani, kwa sababu nyumba yao ya Kirumba, Mwanza, iko juu kwenye mawe na gari haliwezi kupanda. Begi jekundu liligoma kufungwa, zipu yake ilikuwa ngumu, mpaka Dorotea akaipaka mshumaa ndipo ikakubali, ikalia krrr kama mtu anayekoroma. Rebeka alikuwa ametoka kuoga, miguu bado ina maji, na katika kujipaka poda kopo likamponyoka na kumwagika chini. Akaikanyaga. Ukabaki unyayo mmoja mzima kando ya kitanda, na vidole vyake vyote vitano, umeelekea mlangoni.

"Aa, subiri nifute," Rebeka akasema.

"Acha!" mama yake akamfokea.

Wakatazamana, wakacheka, kisha hawakucheka tena. Dorotea akachota maji mdomoni akampulizia usoni, kama wazazi wake walivyofanya wakimbariki mtu, akamwambia, "Nenda ng'wanawane, mwanangu. Nenda ukafanye kazi." Alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi akiwa ameshika kifuniko cha kopo la poda bila kujua amekishika.

Kesho yake simu ikaita. "Mama, nimefika."

"Mungu ni mwema. Umekula?"

"Nimekula. Mama, umeshafagia?"

"Nimeshafagia," Dorotea akasema.

Hakuwa amefagia. Fagio lilikuwa mkononi, hilo ni kweli, na nia alikuwa nayo. Alipokata simu akaenda mpaka mlangoni mwa chumba cha Rebeka, akainama, akauona ule unyayo. Ulikuwa bado umekaa vizuri kabisa, kidole kidogo kimejikunja kama cha Antoni. Halafu akarudisha fagio mahali pake, akafunga mlango na kujiambia kesho.

Na kesho ya Dorotea ilikuwa ndefu. Ilifika wiki, ikafika mwezi, ikaendelea. Jirani yake Mwanaheri, mama Faisal, aliyekuwa na cherehani barazani na macho yasiyopitwa na jambo, akauliza siku moja, "Mama Rebeka, hicho chumba mbona unakifungafunga? Umefuga majini?"

"Majini gani, mimi Mkatoliki."

"Majini hayaulizi dini, jirani."

Dorotea akamweleza. Mwanaheri akasimamisha cherehani, akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa na utani wa kuongeza.

Ugumu mmoja ni kwamba Doha na Mwanza saa ni moja. Kama huku kungekuwa usiku na kule mchana, Dorotea angeamini kwamba mtoto yuko mbali kweli. Lakini saa mbili asubuhi ya kwake ilikuwa ndiyo saa mbili asubuhi ya Rebeka, na akiwa Mwaloni anapepeta dagaa kutoa mchanga alijua kabisa kwamba sasa Rebeka anaingia darasani, sasa anakula, sasa anatoka. Ilikuwa kama yuko chumba cha pili na mlango umekwama. Hamu ya kumwona ilimwingia mpaka mwilini. Alitamani kumsikia akigombana na jiko la mkaa, alitamani harufu ya ile poda, alitamani hata ule uvivu wake wa kuosha masufuria ambao miaka yote ulimpandisha presha.

Jioni walizungumza. Mvua za vuli zilipoanza, Rebeka aliusikia mshindo wake kwenye bati kupitia simu, akanyamaza katikati ya sentensi. "Mama, ni mvua hiyo? Hebu nisikilizishe." Dorotea akaiweka simu dirishani, akakaa kitandani. Mmoja Kirumba, mwingine Doha, wakaisikiliza mvua bila kusema neno mpaka bando likaisha. Tangu hapo ikawa desturi yao. Rebeka aliomba sauti kama wengine wanavyoomba picha: kengele ya kanisa, dagaa wakikaangwa, Mwanaheri akimgombeza fundi umeme.

Akiulizwa yu hali gani, jibu lilikuwa lilelile, "Nazoea, Mama." Lakini alikuwa na kikohozi kisichokwisha. Usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu. Kazini walimzungusha, leo darasa hili, kesho lile, keshokutwa jikoni kugawa maziwa. Siku walipopigiana simu ya video Dorotea alimwona amekonda, amekaa kwenye ukingo wa kitanda kama mgeni, na nyuma yake lile begi jekundu limesimama ukutani.

Dorotea alijua tatizo ni nini. Daktari wa Doha angeweza kupima mpaka achoke, asingelijua, ila yeye alilijua: mguu mmoja ulikuwa Kirumba, kwenye poda. Na dawa yake ilikuwa nyuma ya mlango, fagio la chelewa la kawaida. Kila asubuhi aliamka akiwa ameamua. Kila asubuhi alifika mlangoni na roho ikamkatalia. Alimpenda binti yake, na alimshikilia. Vyote viwili alivijua, na usiku aliungama kwa Mungu kimojakimoja, ila kuacha hakuweza.

Jumamosi moja, Mwaloni kumechangamka, alisikia sauti ikimwita kutoka upande wa wauza kayabo, samaki wa chumvi. Alikuwa Mwalimu Yeremia, mkuu wa ile shule ya Kisesa aliyojitolea Rebeka, ameshika kapu na uso wote umejaa tabasamu.

"Mwangaluka, Mama Rebeka! Hongera sana!"

"Mwangaluka, Mwalimu. Hongera ya nini tena?"

"Kwani hujasikia? Majina yametoka! Rebeka amepata ajira, tena amepangiwa Misungwi, hapo tu. Nimeliona jina lake kwa macho yangu. Mwambie akaripoti ndani ya siku kumi na nne, asizembee, akichelewa watampa mwingine. Yuko wapi nimpe mkono? Tangu aache kufundisha kwangu sijamwona."

"Yuko safarini," Dorotea akasema.

Huo haukuwa uongo. Mikono yake ikajishughulisha kumpimia Mwalimu dagaa, akamwongeza na kumwongeza, mpaka mwenzake wa meza ya jirani akamkanyaga mguu ili aache. Mwalimu akashukuru na kuondoka na kapu zito. Dorotea akafunga biashara kabla ya adhuhuri, jambo ambalo hakulifanya hata siku alipougua malaria.

Njiani kupanda mawe alikuwa karibu kukimbia. Misungwi! Kwao kabisa. Rebeka angekuwa akija kila Ijumaa jioni, na Jumapili wangekwenda kanisani pamoja, na Jumatatu angemfungia dagaa wa wiki. Angezeeka akimwona. Akafungua mlango wa kile chumba, akauambia ule unyayo, "Umesikia?" kama vile una masikio.

Ndipo hofu ikamshika. Akakaa kitandani. Miaka yote ile jina halikutoka, mtoto yuko hapa, anaamka asubuhi kuulizia. Ameondoka, jina limetoka. Sasa hii ni bahati ya Rebeka, au ni yeye Dorotea amemvuta mtoto wa watu kwa unyayo, kama anavyovuta mtu mbuzi kwa kamba? Na je, mtu aliyevutwa hivyo hutulia Misungwi?

Bado alinuia kumwambia. Jioni simu ilipoita alikuwa ameshayapanga maneno. Lakini Rebeka ndiye aliyetangulia kusema, tena anacheka, na ilikuwa muda mrefu Dorotea hajakisikia kicheko hicho.

"Mama, kuna katoto ka Kisudani hapa kalikuwa kanalia tangu shule ifunguliwe. Hakashikiki. Leo nimekasimulia ile hadithi yako ya fisi aliyekwenda harusi mbili. Kiingereza changu chenyewe cha kuunga, nikawa naigiza, natembea kama fisi darasa zima! Sasa hakataki mwalimu mwingine. Na mkuu wa shule amesema darasa hilo nibaki nalo mimi. Mama? Mbona umenyamaza?"

"Dagaa wanaungua," Dorotea akasema, akakata simu. Jiko halikuwa hata na moto.

Siku zikaanza kukatika. Mwanaheri, ambaye aliambiwa kwa sababu hakuna aliyeweza kumficha kitu, alikasirika waziwazi.

"Jina lililotoka ni lake, mama Rebeka. Si lako. Mwambie."

"Nikimwambia atarudi."

"Si ndicho unachokitaka?"

"Ndicho. Ndiyo maana naogopa."

"Na siku akijua kwamba ulijua?"

Dorotea alifua mashuka ya kitanda cha Rebeka, akayaanika, akayatandika upya akikanyaga pembeni pembeni asiguse poda. Halafu akajiuliza anamtandikia nani, akakaa akalia.

Jumapili ya pili, muda wa kuripoti ukiwa umebaki mdogo, alitoka kanisani moja kwa moja mpaka nyumbani, hakubaki hata kusalimia watu. Akaingia katika kile chumba, akakaa, akampigia mwanawe.

"Rebeka, kuna neno nilikuficha. Usinikatize mpaka nimalize." Akalisema lote, Mwalimu Yeremia, Misungwi, siku kumi na nne, na kwamba amelijua tangu Jumamosi ya wiki iliyopita. "Ndiyo hivyo. Nisamehe."

Kisha Rebeka akasema taratibu, "Najua, Mama."

"Unajua nini?"

"Jina langu. Gladness alinitumia majina yalipotoka tu." Gladness alikuwa mwenzake wa kujitolea kule Kisesa. "Nilijua kabla ya Mwalimu Yeremia."

"Na hukuniambia?"

"Niliogopa utaniambia nirudi. Ungesema tu, Mama, ningerudi. Nisingebisha hata kidogo." Akakohoa kidogo. "Nililisubiri lile jina miaka mitano. Lilipotoka nikajifungia chooni nilie kwa furaha, na machozi hayakuja. Nikaona kumbe sikuwa nalisubiri tena. Lakini nikikusikia wewe jioni, natamani kupanda ndege usiku uleule. Sijui nifanyeje. Niamulie wewe. Niambie nirudi, narudi."

Dorotea akautazama unyayo. Neno lilikuwa moja tu, na alikuwa nalo mdomoni tangu siku ya dereva na honi. Kulitamka kulikuwa rahisi kuliko kumeza mate. Keshokutwa mtoto angekuwa uwanja wa ndege, na Ijumaa angekuwa hapa, anaacha masufuria bila kuyaosha.

Akaiweka simu kitandani, sauti ameifungulia. Akaenda nyuma ya mlango akachukua fagio.

Alianzia kwenye kona ya dirisha, kama mama yake alivyomfundisha, akiteremka kuelekea mlangoni. Vumbi la miezi lilikuwa limekaa. Alipofika kando ya kitanda mkono ukagoma. Akamwomba Mungu wake, na mama yake pia aliyeko udongoni Misungwi, akapitisha fagio. Kwanza vikaenda vidole, halafu kisigino, na harufu ya poda ikapanda na kujaa chumba kizima kana kwamba Rebeka ametoka kuoga sasa hivi. Dorotea alilia bila kujizuia, na alifagia huku analia.

"Mama?" simu ikaita kutoka kitandani. "Ni fagio hilo? Unafagia?"

"Nafagia."

"Wapi?"

"Chumbani kwako."

Rebeka alikuwa mtoto wa nyumba ile, hakuhitaji kufafanuliwa. "Lakini ulisema ulifagia. Siku ile nilipofika."

"Nilikudanganya, ng'wanawane. Sikuweza. Unyayo wako ulikuwa hapa mpaka leo."

Sasa wote wawili walikuwa wakilia, kila mmoja anamsikia mwenzake, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

"Ndiyo maana," Rebeka akasema.

"Ndiyo maana nini?"

"Begi langu, Mama. Tangu nimekuja sijalifungua. Natoa nguo moja moja kwa pembeni, naifua, nairudisha humohumo. Wenzangu wananicheka, wana makabati, mimi naishi kwenye begi. Kila siku nasema nitalifungua kesho."

Dorotea akasukuma lile vumbi jeupe mpaka nje ya kizingiti, mpaka kwenye mawe, upepo wa ziwani ukalichukua. Akarudi ndani, akaokota simu kitandani na kuiweka sikioni.

"Basi lifungue," akasema. "Lifungue sasa hivi, nisikilizishe."

Akasikia nyayo za Rebeka kwenye sakafu ya mbali, akasikia begi likiburutwa. Zipu ilikuwa bado ngumu. Iligoma, ikagoma tena, halafu ikakubali, krrr, ndefu, upande mmoja mpaka upande wa pili, na Dorotea akasimama katika chumba kisafi na fagio mkononi akaisikiliza mpaka mwisho.